Kirinyaga Road: Tulikwenda kutafuta pikipiki, tukabishania helmeti

UKITOKEA Ngara na kufika katika mzunguko wa Globe jijini Nairobi, kata kushoto uingie barabara ya Kirinyaga. Hutahitaji kuuliza kama umefika. Pua itakuambia kwa harufu ya oili na mpira mpya, na masikio yatakuambia kwa mlio wa nyundo na injini zinazojaribiwa kando ya barabara. Utapishana na mikokoteni, mahamali waliobeba tairi shingoni mithili ya mashada ya maua, na vijana wanaokuuliza unatafuta nini kabla hujatua mguu.

Wazee wa jiji wangali wanapaita Grogan. Hilo lilikuwa jina la barabara hii enzi za ukoloni, na lilitokana na Ewart Grogan, Mwingereza aliyefika Cairo mwaka wa 1900 baada ya kuivuka Afrika kutoka kusini, sehemu kubwa ya safari hiyo akienda kwa miguu. Ni kichekesho kwamba mahali palipopewa jina la mtembezi ndipo leo watu hufika ili waepuke kutembea.

Mimi nilifika hapo Jumamosi moja nikiwa nimeandamana na ndugu yangu mdogo. Yeye ni msaidizi wa daktari wa mifugo huko kwetu Kangundo, na kwa miaka mitatu alikuwa akiweka akiba katika chama ili anunue pikipiki yake mwenyewe. Alikuwa amechoka kukodi boda boda kila ng'ombe wa watu anaposhindwa kuzaa usiku.

Mama hakupinga. Alitoa sharti moja tu, kwamba dada yake, yaani mimi, niwepo wakati wa kununua. "Nenda naye," aliniambia kwa simu. "Huyu hakumwona baba yenu siku ile."

Nitaieleza siku hiyo baadaye. Kwanza tuingie madukani.

Kazi kwanza, rangi baadaye

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukiingia katika duka la pikipiki utayaamini maneno hayo. Zimepangwa kwa safu, nyekundu, buluu na nyeusi, matangi yaking'aa na viti vikiwa bado vimefunikwa kwa plastiki. Ndugu yangu alisimama mbele ya moja nyekundu kama mtu aliyeonana na mchumba.

Muuzaji alitukaribisha vizuri. "Karibu dada, karibu kijana. Hii nyekundu ndiyo vijana wote wanataka."

Niliona afadhali tumtafute kwanza mtu asiyeuza pikipiki. Nje ya maduka hayo kuna mafundi wanaozifungua na kuzifunga kuanzia asubuhi hadi jioni, na hao ndio wanaojua ni ipi hurudi kwa fundi mara kwa mara. Tulimpata mzee mmoja aliyekuwa akibadilisha sahani za klachi. Hakutaja pikipiki yoyote. Alimuuliza ndugu yangu maswali: Utabeba nini? Njia zenu ni za lami au za mchanga? Kuna milima? Ikiharibika, vipuri utavipata wapi?

Ninawaambia wasomaji kwamba maswali hayo manne yalitufaa kuliko karatasi zote za matangazo tulizopewa siku hiyo.

Kwa mtu anayekwenda peke yake katika njia tambarare, injini ya cc 100 inatosha, nayo hunywa petroli kidogo. Kangundo ni nchi ya vilima, na ndugu yangu atakuwa na boksi la dawa, chupa za mbegu za ng'ombe na mara nyingine mtu nyuma yake. Mzee alimshauri achukue ya cc 125 au 150, ili injini isilie kila inapopanda mlima.

Kuhusu magurudumu, yale ya spoki hayapendezi sana machoni, lakini yakipinda shimoni fundi wa kijijini huyanyoosha. Yale ya bamba zima ni mazuri na mengine huwekwa tairi zisizo na tyubu, ila yakipasuka ni shida kuyarekebisha. Breki ya sahani hushika haraka zaidi kuliko ile ya ngoma, lakini huhitaji mafuta yake yaangaliwe. Kikwashio cha umeme ni raha, lakini usikubali pikipiki isiyo na kiki, kwa maana betri haitoi taarifa siku inapokufa.

"Na ukae juu yake," mzee alisema. "Nyayo zote mbili ziguse chini. Ukisimama kwa ncha za vidole, siku utakapobeba mzigo utaanguka hata bila kugongwa na mtu."

Tuliziulizia pia pikipiki za umeme, ambazo siku hizi huonekana jijini zikipita kimya kimya. Kwa anayezunguka Nairobi, karibu na vituo vya kubadilishia betri, ni jambo la kufikiria, kwa kuwa hazihitaji petroli wala oili ya injini. Kijijini kwetu kituo kama hicho hakijafika, kwa hivyo tuliliacha wazo hilo hapo.

Jambo la vipuri ndilo lililoamua. Tulitembea kutoka duka hadi duka tukiuliza bei ya cheni na sproketi zake, sahani za klachi, kebo na taa ya nyuma. Kuna pikipiki ambazo vifaa vyake vilipatikana kila dirisha, na kuna nyingine ambazo kila mwenye duka alituelekeza kwa jirani. Ile nyekundu ilikuwa ya kundi hili la pili. Ndugu yangu aliitazama kwa mara ya mwisho, kisha akachagua nyeusi ya cc 150 isiyo na mbwembwe.

Baba na Yamaha ya serikali

Tulipokuwa tukingoja karatasi, nilimwonyesha pikipiki moja kuukuu iliyoegeshwa nje kwa fundi. Ilikuwa Yamaha AG100, ile ambayo maafisa wengi wa kilimo walikuwa wakipewa. Herufi hizo AG hutokana na neno la Kiingereza la kilimo, na kila kitu juu yake kilikuwa na kazi: keria mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa kabisa isiingie matope, na vyuma vya kukinga mikono. Haikuwa na pambo hata moja.

Marehemu baba yetu aliendesha ya namna hiyo. Mwaka wa 1997, nikiwa mtoto wa darasa la kwanza na ndugu yangu akiwa bado hajazaliwa, baba alitoka kwenye mkutano wa wakulima akiwa amembeba jirani yetu, rafiki yake wa tangu utotoni. Walipofika kwenye mto mkavu, gurudumu la mbele lilizama mchangani na wote wawili wakarushwa kwenye mawe.

Helmeti ilikuwa moja, na aliyeivaa ni baba. Alirudi nyumbani akichechemea, mkono ukiwa umechunika. Rafiki yake alikaa hospitalini kwa miezi, na aliporudi hakuweza tena kusema sawasawa wala kuwatambua watoto wake wote kwa majina. Baba alimtembelea kila Jumapili mpaka mwenzake alipofariki. Helmeti yenyewe, ikiwa na ufa upande wa kulia, ingali inaning'inia kwenye stoo, na baba hakutueleza kwa nini hakuitupa.

Ndugu yangu aliifahamu helmeti hiyo tangu utotoni, lakini hakuwahi kuambiwa habari ya mtu aliyekuwa nyuma.

Sh11,500 zilizobaki

Baada ya kulipia pikipiki na kutenga za usajili na bima, zilibaki Sh11,500. Hapo ndipo majaribu huanza, kwa kuwa barabara ya Kirinyaga ina kila kitu cha kufungwa juu ya pikipiki.

Kwanza tulitenga vitu vya lazima. Vyuma vya kukinga miguu vinafaa, kwa sababu pikipiki ikilala huzuia uzito wake usiangukie mguu wote, na pia huiokoa injini. Keria imara inafaa, ila mzigo usirudi nyuma kupita gurudumu, maana gurudumu la mbele litakuwa jepesi na usukani utakosa utiifu. Glavu zinafaa, kwani anayeanguka hutanguliza mikono. Kufuli la kufunga gurudumu linafaa popote palipo na wezi, yaani kila mahali. Vioo vya pembeni huja na pikipiki yenyewe; ajabu ni kwamba kuna vijana wanaoving'oa ili wapendeze.

Kisha kulikuwa na vile vya kufurahisha roho. Mwavuli mkubwa hukinga jua na mvua, lakini upepo wa lori linalopita huukamata kama tanga la jahazi. Taa nyingi za rangi hunyonya betri, na nyaya zilizounganishwa ovyo zinaweza kugusana na kuleta moto. Redio kubwa ndiyo aliyoipenda ndugu yangu. Nilimwambia kwamba kwenye barabara ya Kangundo, mtu anayehitaji kusikia lori nyuma yake hana haja ya muziki.

"Dada, wewe unataka nipande kama padre," alinijibu, nasi tukacheka.

Mabishano yenyewe yalikuja kwenye helmeti. Muuzaji alikuwa ametupa mbili kama zawadi. Moja ilikuwa nzuri. Ya pili ilikuwa nyepesi kama bakuli la plastiki, ndani ikiwa na sponji laini tu, na mkanda wake ulifunguka nilipouvuta kidogo.

Helmeti ya kweli huwa na tabaka la fomu ngumu, kama ile inayofungiwa televisheni mpya. Kichwa kinapogonga, fomu hiyo hubonyea na kuumeza mshtuko kabla haujafika kwenye ubongo. Ikishabonyea hairudi, na ndiyo sababu helmeti iliyowahi kuanguka vibaya haifai tena hata kama nje haina alama. Ukiijaribu, funga mkanda, tikisa kichwa, kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma. Ikitoka, iache dukani. Tafuta pia alama ya ubora ya KEBS, au herufi E ndani ya duara, ambayo ni alama ya viwango vya kimataifa.

Haya si mambo ya jana. Mwaka wa 1935, T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alikufa kwa kuumia kichwa baada ya ajali ya pikipiki. Hugh Cairns, mmoja wa madaktari waliomhudumia, alianza kuchunguza vifo vya namna hiyo na mwaka wa 1941 akachapisha matokeo yaliyosaidia kuwavisha helmeti wapanda pikipiki wa jeshi. Tafiti zilizokusanywa tangu hapo zinaonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Ndugu yangu hakulikataa hilo. "Sawa," alisema, "mimi nitavaa hii nzuri. Hii nyingine itakuwa ya abiria."

Nilimuuliza, "Na abiria wako ni nani?"

Alifikiri kidogo. Abiria wa kwanza alijulikana. Mama huenda kliniki ya kisukari kila mwezi, na ahadi ilikuwa kwamba hatapanda tena matatu kwa kusukumana.

Hakuuliza tena habari ya redio. Tulinunua vyuma vya miguu, glavu na kufuli, na Sh5,500 tukazilipa kwa helmeti ya pili, ya kiwango sawa na ya kwanza. Ile ya plastiki tuliirudisha. Muuzaji alishangaa, akasema wateja wengi huwa hawaiangalii.

Inafaa kukumbusha kwamba Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi yenye kuakisi mwanga, na hairuhusu abiria zaidi ya mmoja. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, vyombo hivi vimeenea hadi vijiji visivyofikiwa na matatu, ijapokuwa ushuru wa namna nyingine ulirudi baadaye. Helmeti ya abiria ndiyo iliyosahaulika njiani. Mara nyingi hufungwa nyuma ya keria kwa ajili ya macho ya polisi.

Baada ya nambari kutoka, ndugu yangu aliendesha polepole kwa wiki za kwanza ili injini izoee, akabadilisha oili kwa wakati ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, kisha akaenda kumchukua Mama.

Mama alijifunga kitambaa kichwani ili nywele na helmeti zisigombane, akaivaa, akalalamika kwamba ina joto na kwamba haisikii dunia. Walienda kliniki na kurudi. Ndugu yangu aliniambia kwamba walipofika dukani kununua sukari ya wageni, Mama alishuka na kuingia ndani akiwa bado ameivaa, akawasalimu majirani mmoja mmoja, na hakuifungua mpaka alipofika nyumbani.

Basi wewe unayepanga kwenda Kirinyaga Road na akiba yako, chagua pikipiki kwa kazi yake na kwa vipuri vyake. Kisha, kabla ya kuuliza bei ya taa na redio, mkumbuke kwa jina mtu atakayeketi nyuma yako, umnunulie helmeti ambayo wewe mwenyewe ungeivaa.