Nairobi Ni Jina la Maji

Wasee, mimi hufika Gikomba mapema kuchagua kamera kabla wajanja wazimalize. Ukivuka daraja lazima uzibe pua. Mto ni mweusi, umebeba matambara, chupa, na vitu zingine siwezi kutaja kama mnakula.

Sasa skia: haya ndiyo maji yaliyoupa mji jina. Wamaasai, waliokuwa wakinywesha ng'ombe hapa, waliita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli ikafika 1899. Mwaka 1904 mkataba ukawatoa Wamaasai kwa malisho yao ya Bonde la Ufa, na 1905 Waingereza wakahamisha makao makuu ya utawala wao kutoka Mombasa hadi hapa. Wenyewe walisukumwa, jina likabaki. Hiyo hunikera hadi leo.

Na sisi je? Nai, Kanairo, Nairoberry, tunalikatakata tu vile tunataka. Maji ndani yake tulisahau kitambo.

Juzi hapo darajani mtoi alimuuliza mamake, "Huu ni mto ama ni mtaro?"

Mathe alisimama kwanza, akafikiria.