Kigari Kikubwa au Jaketi Dogo? Maandalizi ya Mtoto Anayevuka Bahari

Kwa familia kama yetu, inayoishi Dar es Salaam na wazee wake wako Pemba, mtoto huwa hajatimia mpaka avushwe bahari akabusiwe na bibi zake. Binti yetu alipofikisha miezi minane na uzito wa kilo nane, zamu yake iliwadia. Bibi yake mzaa baba, aliyeko Wete, alikuwa na maradhi ya miguu na hakuweza tena kupanda boti. Kila Ijumaa alipiga simu na kuuliza swali lile lile: mjukuu wangu analetwa lini? Tukaazimia kwenda mwezi wa Machi, wakati kaskazi inapoishia na kabla kusi haijaanza kuichafua bahari.

Habari hizo zikamfikia shangazi wa mume wangu anayeishi Muscat. Kwa ukarimu wake akatuma picha ya kigari cha mtoto alichokusudia kutuletea: magurudumu matatu makubwa, kiti kinacholala kikawa kitanda, kikapu chini na mwavuli juu. Kilikuwa kizuri, na zawadi ya mkubwa ni heshima isiyorudishwa ovyo. Lakini kabla ya kushukuru niliketi na kuihesabu safari yenyewe hatua kwa hatua, na hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuwashirikisha wazazi wenzangu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja boti ya mwendo wa kasi huchukua kama saa mbili. Unguja mtu hushuka bandarini Malindi, kisha hupanda chombo kingine kinachopita Nungwi na kuvuka mkondo hadi Mkoani, na kutoka hapo ni gari mpaka Wete. Nilihesabu mara ambazo kigari kingenyanyuliwa kwa mikono: kutoka kwenye teksi, kupandishwa botini, kushushwa Malindi, kupandishwa tena, kushushwa Mkoani, kupakiwa garini na kushushwa Wete. Mara saba, na kila mara mkono mmoja una mtoto na umati wa abiria unasukumana nyuma yako. Kigari chenye uzito wa kilo kumi na tano kingehitaji hamali kila kituo, na ndani ya boti kingeishia kwenye mizigo, mbali na mtoto ambaye kimenunuliwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo sifa za kigari cha safari ya baharini nikaziona kuwa hizi. Kiwe chepesi, kinachokunjika kwa mkono mmoja na kubebeka begani. Kiwe chembamba, kwa kuwa njia baina ya viti vya boti ni finyu. Kiwe na mikanda ya mabegani, kiunoni na baina ya miguu, maana mkanda wa kiunoni peke yake haumzuii mtoto kuteleza. Kiwe na breki imara za kutumia bandarini. Lakini chombo kikianza kuyumba, mtoto hana haki ya kuachwa kigarini hata kama breki zimefungwa: breki huyazuia magurudumu, hazizuii kigari kupinduka. Tena tusikifunike kigari kwa kitambaa kizito kwa kukimbia jua. Joto hujikusanya ndani, hewa hupungua, na mama huku nje haoni uso wa mwanawe.

Kifaa kilichonifaa kuliko vyote ni doti ya kanga. Kipande kimoja kilikuwa mbeleko mahali ambapo kigari hakipiti, na kingine kilikuwa stara ya kunyonyeshea katikati ya watu, shuka ya kumlaza na kivuli. Kanga huoshwa usiku ikawa kavu asubuhi, na uzito wake hauhisiki mkobani.

Hata hivyo, bahari ina swali ambalo kanga haiwezi kulijibu. Sisi wa visiwani hatuhitaji kukumbushwa usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, wala Julai 18, 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia. Wengi wao walikuwa kina mama na watoto. Nilipolifikiria hilo niliona kuwa jambo la kwanza la kumnunulia binti yangu lilikuwa jaketi la kujiokolea linalomtosha.

Neno hilo, linalomtosha, ndilo lenye uzito. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ambao chimbuko lake ni mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, umeyagawa majaketi kwa uzito wa mvaaji: la mtoto mchanga ni la chini ya kilo 15, la mtoto ni la kuanzia kilo 15 hadi chini ya 43, na linalobaki ni la mtu mzima. Mtoto wa kilo nane akivalishwa jaketi kubwa huchopoka kwa chini, likaelea peke yake. La mtoto mchanga lina kola pana ya kuuinua uso wake juu ya maji, mkanda unaopita baina ya miguu, na kishikio nyuma ya shingo cha kumvutia. Kulipima ni rahisi: likishafungwa, linyanyue taratibu kwa mabega yake, likipanda mpaka masikioni, ni kubwa. Na mtoto hafungwi kwa mbeleko chini ya jaketi la mama, bali kila mmoja huvaa lake.

Katika maduka ya vifaa vya baharini niliyoyapitia nilikuta ya wakubwa na ya watoto wa shule tu. Ndipo mume wangu akampigia simu Muscat. "Shangazi," akamwambia, "zawadi yako tumeipokea kwa moyo wote, ila tunakuomba utubadilishie." Akamweleza. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema kwamba katika umri wake wote hajapata kuombwa zawadi ya namna hiyo. Akaleta jaketi pamoja na kigari chepesi, na bei ya vyote viwili haikuifikia ya kile cha picha.

Mama mkwe hakucheka. "Mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "mbona wamtabiria mtoto maji?" Nilimwelewa, kwa kuwa mtaani kwao ipo nyumba iliyopoteza watu mwaka 2011, na mtu aliyeyaona hayo hapendi kuyataja. Nikamjibu kwa adabu: "Mama, kila usiku wewe hufunga mlango kwa komeo, wala hujamtabiri mwizi. Unafunga, kisha unamwachia Mungu nyumba yake." Alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Kwani lauzwa bei gani?" Nilipomtajia, akasema, "Basi mwambieni aongeze na la mwenzake." Alimkusudia mjukuu mwingine, mtoto wa wifi yangu, anayevushwa kwenda Unguja hospitali kila baada ya miezi michache.

Mkoba wenyewe haukuwa na mengi: nepi za kutosha safari mara mbili, kwani boti huweza kuchelewa, nguo mbili za mtoto na moja safi ya mama, kwa sababu mtoto akimkojolea, sala ikiingia atahitaji nguo tohara, kofia na nguo za mikono mirefu, paketi za ORS, mifuko ya kutia uchafu. Dawa ya kichefuchefu sikumpa, kwa kuwa hizo hazipewi mtoto mdogo bila ya daktari. Chakula kikuu kilikuwa ziwa la mama, ambalo halihitaji chupa wala moto. Na mtoto ambaye hajafika miezi sita hahitaji hata maji.

Tulivuka salama, Alhamdulillah. Jaketi halikupata kazi, na tunaomba lisipate kamwe. Wenetu wakifika kilo 15 yatawabana mikanda na mabega, na tumekwisha kukubaliana kwamba yatapita kwa watoto watakaofuata katika ukoo. Kwa mzazi anayejiandaa kuvuka, naomba jambo moja: siku ya kukata tiketi, kabla ya kuuliza kiti cha dirishani, amuulize mhudumu yaliko majaketi ya watoto wachanga, na aoneshwe kwa macho yake. Tukiuliza wengi, wenye vyombo watazoea kuwa na jibu.