Mchezo Usiotaka Kuchezwa

Mwaka 2009 Auriea Harvey na Michaël Samyn, wasanii wa mji wa Ghent, Ubelgiji, walitoa mchezo wa kompyuta wa kutisha uitwao The Path. Ndugu sita wa kike, mmoja mmoja, hutumwa nyumbani kwa bibi yao na kuonywa wasiiache njia. Nilitii, nikafika salama. Mchezo ukaniambia nimeshindwa. Kumbe sharti uingie msituni, umtafute mbwa mwitu wako.

Nakiri kuwa nilichoka. Binti hutembea polepole mno, na ukimtia mbio kioo huingia giza. Sisi tuliolelewa na mizani na vina twajua kuwa shairi lisiloimbika, hata likijaa hekima, hubaki karatasini. Nilikaribia kuuzima.

Lakini msituni, binti akikisogelea kitu, humwamrishi akiguse: huna budi kuondoa mikono yako, naye akiendee mwenyewe. Hapo ndipo khofu iliponishika, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, nilipocheza. Mkono ulitaka kumrudisha njiani. Jicho likataka kuona. Nikauweka mkono mapajani, binti akaenda.