Suneka, Chini ya Njia ya Setilaiti

Ukitoka mjini Kisii kwa barabara iendayo Rongo na Migori, hukawii kufika Suneka. Ni mji mdogo wenye soko, matatu na kiwanja cha ndege, umezungukwa na migomba na mahindi.

Wenyeji wa huku wanaijua radi. Mvua ya alasiri ikija, humulika kilima kizima, kisha basi. Ukitaka kujua imepiga wapi, mmweko haukusaidii; tafuta mti unaofuka moshi.

Wataalamu wa nyota nao walikosa mti huo kwa miaka mingi. Tangu 1967 setilaiti za Marekani zilinasa mimweko ya miali ya gama kutoka angani, mingine ya sekunde chache tu. Kwa miaka thelathini ilibishaniwa kama inatoka jirani au mbali kupindukia.

Chombo kilichosaidia kulitegua kitendawili hicho kilipita juu yetu. BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi iliyorushwa 1996, iliizunguka dunia sambamba na ikweta, na kila mzunguko iliteremsha habari zake katika kituo cha Malindi. Suneka, isiyofika digrii moja kusini mwa ikweta, imo katika ukanda iliopitia.

Tarehe 28 Februari 1997, yapata saa kumi na mbili alfajiri kwa saa za Kenya, ng'ombe wakikamuliwa, mmweko mmoja ulitokea. BeppoSAX ikaonyesha upande wake. Usiku uliofuata, darubini ya William Herschel kisiwani La Palma ilipiga picha ya nuru hafifu mahali pale. Siku nane baadaye ilikuwa imefifia. Mti ufukao moshi umepatikana!

Mwezi wa Mei, nuru iliyosalia baada ya mmweko mwingine ilichambuliwa kwa darubini ya Keck, Hawaii. Rangi zake zilionyesha kuwa imesafiri zaidi ya miaka bilioni sita; ilianza safari kabla dunia haijakuwapo. Mwaka 2003, ndani ya nuru kama hiyo, zilionekana dalili dhahiri za nyota kubwa iliyolipuka ikifa.

BeppoSAX yenyewe iliangukia Bahari ya Pasifiki mwaka huo. Lakini tarehe 19 Machi 2008 mmweko mmoja ulitoa nuru ya kuonekana kwa macho matupu, kwa muda usiozidi dakika moja. Kwa bahati mbaya, Suneka ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshapanda.