Mjukuu Wangu Hakuwa Mjinga

Mjukuu wangu alipotimiza miaka mitano tulimpeleka darasa la awali. Akiitwa, haitiki. Mwalimu akasema, "Huyu mjinga, mrudishe nyumbani." Nami, naona haya kusema, nilikubali. Akawa anachunga mbuzi.

Mwaka uliofuata alikuja mwalimu mwingine. Huyu alikuwa mwalimu tayari, akarudi kusomea elimu maalumu Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Huko walimu hujifunza kuwafundisha wasiosikia, wasioona na wanaochelewa kuelewa. Alifika kwangu, akasimama nyuma ya mtoto, akapiga makofi. Mtoto hakugeuka. "Bibi, huyu hasikii. Mpeleke hospitali akapimwe masikio."

Sasa anasoma. Mwalimu anamfundisha lugha ya alama, nami najifunza. Jana aliniambia kwa mikono kwamba mbuzi mmoja hayupo. Nikaenda zizini kuhesabu. Kweli, hakuwapo.