Herufi Mbili



Mimi ni SS. Wengi wenu mnazijua herufi hizo mbili. Ni ugonjwa wa damu wa kurithi, drepanositozi: chembe nyekundu hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na mfupa uliokosa oksijeni ukaanza kulia. Mara nyingi hakuna jeraha la kuonyesha, ndiyo maana shuleni niliitwa mvivu.

Hapa Lubumbashi nauogopa mwezi wa Juni. Baridi ya alfajiri yatosha kuniangusha, kwa hiyo katika Misa ya kwanza huketi mbali na mlango.

Maumivu yakianza, nanywa parasetamoli na maji mengi. Yakizidi, ibuprofeni, kwa siku chache tu na baada ya kula, maana figo zetu sisi SS hudhoofika upesi. Yakipita hapo, au nikipata homa, au kifua kikinibana, ni hospitali, ambako daktari ndiye apimaye tramadoli au mofini. Sinunui tramadoli kwenye meza za mitaani. Tena kila siku, niumwe nisiumwe, nameza hidroksiyurea. Hiyo haitulizi maumivu ya leo. Hupunguza yale ya miezi ijayo, nayo hudai damu ipimwe mara kwa mara.

Mama naye ana dawa yake: kitambaa cha maji ya moto, kamwe si barafu, kwa sababu baridi huikaza mishipa. Kukandwa taratibu, kupumua polepole, kuimba zaburi kwa sauti ya chini. Hayo hayanyooshi hata chembe moja, lakini yananiwezesha kuingoja dawa ifanye kazi. Mizizi siidharau (mofini yenyewe yatoka katika utomvu wa mmea), ila chupa isiyo na kipimo wala jina siipeleki kwenye figo zangu.

Wapo wasemao kwamba msalaba haubebwi kwa vidonge. Mtu mmoja aliyeniombea alinitaka niitupe hidroksiyurea. Nilimshukuru kwa sala yake, nikabaki na kopo langu. Papa Pio XII, akisema na madaktari mwezi wa Februari 1957, alieleza kwamba Mkristo halazimiki kukataa kutulizwa maumivu. Kwangu, siku ambayo mfupa umenyamaza ndiyo siku ninayoweza kusali bila kuhesabu dakika.

Juma hili mchumba wangu amepimwa damu. Majibu ni Alhamisi. Akiwa AA, watoto wetu wote watakuwa AS, wenye kubeba bila kuugua. Akiwa AS, kila mimba itakuwa nusu kwa nusu: mtoto AS, au mtoto SS kama mimi. Ameniuliza kama maumivu haya yanabebeka. Nilimwonyesha kopo, kitambaa, na daftari ninamoandika siku za maumivu, nikamwachia alisome mwenyewe. Bado analo.