Risiti Nyeupe za Mjomba

Mjomba wangu hapigi simu. Yeye hubipu, mimi napiga. Kwa hiyo Oktoba 2024 aliponipigia mwenyewe, nilijua kuna jambo kabla sijamwamkia.

"Mpwa wangu, njoo nyumbani. Kuna mtu ananidai hela niliyokwisha kumlipa."

Kesho yake nikakata tiketi kwa simu na kupanda SGR, treni ya kawaida, ile inayosimama Ngerengere. Mjomba anakaa upande wa reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika Morogoro mwaka 1907. Alifanya kazi kwenye reli hiyo mpaka akastaafu, na kazi ile ilimwachia tabia moja: hatupi karatasi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwaka 2021 alinunua bati kwenye duka moja mjini Morogoro, akalipa kwa awamu tatu. Kila awamu alipewa risiti ya mashine. Baadaye mwenye duka alifariki, mwanawe akashika biashara, na kwenye daftari la marehemu awamu ya pili haionekani. Shilingi 180,000. Mashine ya wakati ule nayo, kijana anasema, iliharibika ikabadilishwa.

"Basi si risiti unazo?" nikamuuliza.

Mjomba hakujibu. Aliingia chumbani akatoka na albamu ya picha, zile za kurasa zenye gundi na plastiki ya kufunika. Akaifungua mkekani. Ukurasa wa kwanza: risiti ya baiskeli ya mwaka 1987, imeandikwa kwa mkono juu ya karatasi ya kaboni, rangi ya bluu bado imekolea. Ukurasa wa pili: stakabadhi za ada ya shule za mama yangu mdogo, zinasomeka zote. Halafu zikaja za mashine. LUKU, mbolea, dawa, bati. Nyeupe. Nyeupe kabisa, kama vile hakuna mtu aliyewahi kununua kitu.

Mimi ni mwandishi wa habari. Risiti zilizofifia nazijua, maana nimewahi kukatwa mshahara kwa sababu ya masurufu niliyoshindwa kuyarejesha. Lakini kwa nini zinafifia, hilo nililisoma baadaye kwa hasira.

Ajabu ya kwanza ni kwamba mashine ya risiti haina wino. Ndiyo maana utamsikia muuzaji akilalamika kuwa rola imeisha, hutamsikia akisema wino umeisha. Wino, kama tuuite hivyo, umo ndani ya karatasi. Karatasi imepakwa utando wenye vitu viwili: rangi ambayo haijaonekana bado, na kemikali yenye asili ya asidi inayosubiri kuiamsha. Kichwa cha mashine kina mstari wa vinukta vidogo vya kupata moto, kwa kawaida 8 katika kila milimita. Karatasi inapopita, vinukta vinavyotakiwa vinapata moto kwa muda mfupi mno, utando unayeyuka pale pale, vile viwili vinakutana, panageuka peusi. Ukitaka kuhakikisha, chukua risiti mpya uikwaruze haraka kwa ukucha. Utaona mstari mweusi. Msuguano tu unatosha.

Jack Kilby wa Texas Instruments, mhandisi aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2000 kwa kazi yake kwenye saketi unganishi, ndiye pia anayetajwa kama mmoja wa wavumbuzi wa uchapaji huu. Ulipendwa kwa sababu ni wa kimya, wa haraka na wa bei nafuu. Kwetu uliingia kwa kishindo mwaka 2010, TRA ilipoanza kutumia mashine za EFD, na leo uko kila mahali: kwa wakala wa pesa, sheli, hospitali.

Ubaya wake ni kwamba ndoa ile ya rangi na kemikali huvunjika. Joto, mwanga wa jua, mafuta ya mikono, gundi, na hasa plastiki laini yenye vilainishi, vyote huirudisha rangi kule kwenye kutoonekana. Na nyumba ya mjomba ina bati bila dari, katika joto la Ngerengere.

Lakini joto peke yake halikufanya yale. Risiti zilizobaki kwenye mkebe, bila kufunikwa, zilikuwa zimepauka, ila bado zilisomeka kwa taabu. Zilizokufa kabisa ni zile muhimu, alizozichagua na kuzibandika kwenye albamu, kati ya gundi na plastiki.

Albamu hiyo nilimpelekea mimi. Nilinunua mbili Kariakoo, moja yangu, moja yake. Nakumbuka nilivyomwambia: "Mjomba, humu hazitaharibika."

Sikumwambia siku ile. Nilijipa moyo kwanza kwamba angalau ile namba ya uthibitisho iliyo chini ya risiti ingetusaidia, maana ukiwa nayo unahakiki risiti kwenye tovuti ya TRA. Lakini namba nayo ilikuwa imechapwa kwa moto ule ule.

Jumatatu mjomba alikwenda mjini akalipa tena. Nilimkatalia, nikasema twende kwa mwenyekiti wa mtaa, twende popote. Akasema yule kijana hadanganyi, anasoma alichoachiwa na baba yake, "na mimi siwezi kumuonyesha karatasi nyeupe nikamwambia hii ndiyo heshima yangu." Safari hii alidai risiti ya mashine, kisha akamwomba kijana aandike nyingine kwa kalamu na kusaini.

Kuna barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 ambazo zimehifadhiwa Goa, India, mpaka leo. Miaka zaidi ya 300. Risiti ya bati za mjomba haikumaliza minne.

Nilirudi Dar usiku. Nikaenda moja kwa moja kwenye albamu yangu, ile ya pili. Ukurasa wa kwanza kuna picha ya ultrasaundi ya binti yangu, wiki ya kumi na mbili. Nazo huchapwa kwa moto. Nilipoibandika ilikuwa nyeusi ti, na yeye doa jeupe katikati. Sasa ilikuwa kijivu, na lile doa ilibidi ujue lilipo ndipo ulione. Niliipiga picha kwa simu mara sita, kisha nikaibandua polepole.

Mjomba nimemwambia juzi, kwa simu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama mtoto hajambo, halafu salio lake likakata.